Kabala na wakopaji wake: kilichochukuliwa na kilichoachwa

Fungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 36, usome mstari wa 31 hadi wa 39. Ni orodha ya wafalme wa Edomu, sehemu ambayo wasomaji wengi wa Biblia huiruka wakaenda moja kwa moja kwa Yusufu na ndugu zake. Bela akatawala, akafa. Yobabu akatawala, akafa. Hushamu, Hadadi, Samla, Shauli, Baal-hanani, wote vivyo hivyo. Wa nane ni Hadari, na hapo mtiririko unakatika. Hatuambiwi kwamba alikufa, na ni yeye peke yake anayetajwa pamoja na mkewe, Mehetabeli.

Mwanahistoria ataona hapo kumbukumbu za ukoo wa kifalme. Mwanakabala anaona habari za kabla ya ulimwengu kuumbwa. Wafalme saba ni vyombo saba vya nuru vilivyovunjika kwa sababu kila kimoja kilitaka kutawala peke yake. Hadari ni mwanzo wa matengenezo, maana kwake ndiko mume na mke wanaonekana pamoja kwa mara ya kwanza, nguvu inayotoa na nguvu inayopokea. Mbegu ya usomaji huo imo katika Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, na Isaac Luria, mwalimu wa karne ya 16, akaijengea mfumo mzima. Msomaji makini atauliza: mbona 1 Mambo ya Nyakati 1:51 inasema mfalme huyo wa nane naye alikufa? Swali ni zuri, lakini halikumzuia mtu.

Nimeanza na wafalme hao ili sura ya kazi yenyewe ionekane mapema. Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi, mara nyingi huelezwa kama hisia ya kuzama katika Mungu. Hisia hiyo imo, lakini kazi ya kila siku ni kusoma matini herufi kwa herufi, kisha kutimiza amri za Torati kwa nia inayolingana na ulichosoma. Waliokuja kukopa kutoka nje, kuanzia Wakristo wa Italia ya karne ya 15 hadi wanafalsafa wa karne ya 20, walichukua picha wakaacha matini na amri. Athari za Kabala ni kubwa kweli, ila karibu kila mahali ni athari za kipande kimoja kilichong'olewa.

Kumi, wala si tisa

Tahadhari ni za zamani kuliko Kabala yenyewe. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika mwanzoni mwa karne ya 3, inakataza kufundisha maono ya gari la Ezekieli hata mbele ya mtu mmoja, isipokuwa awe mwenye hekima anayeelewa kwa akili yake mwenyewe. Talmudi, mjadala mrefu wa marabi juu ya Mishna, nayo inasimulia habari za wanne walioingia bustanini: Ben Azzai akatazama akafa, Ben Zoma akatazama akapata madhara, Elisha ben Abuyah akakata miche, yaani akaasi, na Rabi Akiva peke yake akatoka salama. Mmoja kati ya wanne. Kila anayetaka kuharakisha huonyeshwa hesabu hiyo kwanza.

Kisha kuna Sefer Yetzirah, kitabu chenye maneno 1,300 hivi katika toleo lake fupi. Kinasema ulimwengu uliumbwa kwa njia 32, yaani sefiroti 10 na herufi 22 za Kiebrania. Herufi hizo zimegawanywa: 3 ni mama, 7 zina matamshi mawili mawili, 12 ni sahili. Kitabu kinasisitiza kwamba sefiroti ni kumi wala si tisa, kumi wala si kumi na moja. Humo sefiroti ni kama tarakimu na pande za ulimwengu. Ni baadaye, kusini mwa Ufaransa na katika mji wa Girona huko Hispania, karne ya 12 na ya 13, ndipo zilipokuwa hatua za Mungu kujidhihirisha. Anayechukua ule mchoro maarufu wa mti wa sefiroti akaubandika juu ya Sefer Yetzirah anachanganya vitu vilivyoachana kwa karne nyingi.

Juu kabisa yuko Ein Sof, Asiye na Mwisho, ambaye haombwi kwa jina wala hasemwi kwa sifa. Chini yake ndizo kumi: Keter (Taji), Hokhmah (Hekima), Binah (Ufahamu), Hesed (Fadhili), Gevurah (Nguvu, ambayo huitwa pia Hukumu), Tiferet (Uzuri), Netzah (Ushindi), Hod (Fahari), Yesod (Msingi) na Malkhut (Ufalme). Fadhili iko mkono wa kulia, Hukumu mkono wa kushoto, Uzuri katikati ukizipatanisha. Kila moja kati ya zile saba za chini ina mtu wake katika Torati na historia ya Israeli: Ibrahimu ni Fadhili, Isaka ni Hukumu, Yakobo ni Uzuri, Musa ni Ushindi, Haruni ni Fahari, Yusufu ni Msingi, Daudi ni Ufalme. Malkhut ndiyo Shekhina, uwepo wa Mungu, yenye sura ya kike, iliyoko uhamishoni pamoja na watu wake.

Bila jedwali hilo Zohar haisomeki. Tazama mstari wa kwanza kabisa wa Biblia. Kwa Kiebrania maneno yamepangwa hivi: *bereshit bara Elohim*. Msomaji wa kawaida anaelewa kwamba hapo mwanzo Mungu aliumba. Zohar inafuata mpangilio wa maneno jinsi ulivyo: kwa Mwanzo, yaani kwa Hekima, [asiyetajwa] aliumba Elohim, na Elohim hapo ni Binah. Kiima kimepotea kwa makusudi, kwa kuwa Ein Sof hana jina la kuandikwa. Tendo la kwanza katika mstari wa kwanza linakuwa linahusu maisha ya ndani ya Mungu, na mbingu na nchi zinangoja zamu yao. Ukishaelewa hatua hiyo moja, umeelewa nusu ya mbinu ya kitabu.

Uovu nao una mahali pake humo. Hukumu ikitengana na Fadhili inafurika na kuzaa Sitra Ahra, upande wa pili. Hakuna mungu wa giza. Kuna hukumu iliyompoteza mwenzake. Fadhili isiyo na mpaka pia ni hatari, maana nuru ikizidi chombo hupasuka. Ndiyo maana wanakabala hawapendi kauli kwamba Mungu ni upendo mtupu.

Wapinzani walikuwa Wayahudi wenyewe. Rabi Isaac bar Sheshet (1326–1408), katika jibu lake la kisheria namba 157, anataja kejeli ya mwanafalsafa mmoja: Wakristo wanaamini watatu, na wanakabala wanaamini kumi. Humo humo anamtaja Rabi Samson wa Chinon, aliyekuwa akisema kwamba yeye huomba kwa akili ya mtoto mdogo, kwa maana kwamba anamlenga Mungu mmoja tu bila kugawa nia zake kwa sefira hii na ile. Anayemtetea mwanakabala anajibu kwamba mwenye kesi humwomba mfalme amwamuru hakimu, asimwamuru mtunza hazina. Anayeombwa bado ni mfalme. Baadaye Moses Cordovero wa Safed (1522–1570) alitoa mfano wake: maji hayana rangi, ukiyamimina katika vyombo vya kioo vyenye rangi mbalimbali yanaonekana mekundu, meupe au kijani, na yenyewe hayajabadilika. Kwa maoni yangu swali la Bar Sheshet halijawahi kufungwa kabisa, na ni afya kwa Kabala kwamba lilibaki wazi.

Zohar iliandikwa lini

Zohar imewekwa kinywani mwa Rabi Shimon bar Yochai, mwalimu wa karne ya 2 katika Galilaya. Ilianza kusambaa Castile, huko Hispania, mwishoni mwa karne ya 13 kupitia Moses de León, aliyefariki mwaka 1305. Isaac wa Acre alikwenda Hispania kuulizia ukweli wake, na kumbukumbu zake zinasema mjane wa de León alikana kwamba kuliwahi kuwa na hati ya kale nyumbani. Kwa maneno yake, mumewe aliandika kutoka kichwani mwake.

Ushahidi wa lugha una uzito kuliko maneno ya mjane, ambayo yametufikia kwa kunukuliwa mara kadhaa. Kiaramu cha Zohar si cha Galilaya. Kimeokotezwa kutoka Talmudi ya Babeli na tafsiri ya Torati ya Onkelos, kina makosa ya sarufi ambayo msemaji wa asili asingeyafanya, na kinaita sinagogi *esnoga*, neno la Rasi ya Iberia. Rabi Jacob Emden, aliyekuwa muumini wa Kabala, alikwisha kuorodhesha kasoro za namna hii mwaka 1768. Gershom Scholem, mtafiti wa Kabala wa karne ya 20, alihitimisha kwamba sehemu kubwa ni kazi ya de León. Yehuda Liebes akapendekeza kundi la waandishi walioshirikiana. Wengi katika wafuasi wa jadi bado wanamtaja bar Yochai, na hija ya kaburini kwake Meron, siku ya 33 ya kuhesabu Omeri (siku 49 zinazofuata Pasaka), huvuta umati mkubwa kila mwaka. Mwaka 2021 msongamano huko uliua watu 45.

Kitabu kilichapishwa mara ya kwanza Italia, Mantua na Cremona, kati ya 1558 na 1560. Uchapaji huo ndio uliokitoa mikononi mwa wachache.

Miaka miwili ya Luria

Wayahudi walifukuzwa Hispania mwaka 1492. Miongo michache baadaye Safed, mji wa milimani Galilaya, ulikuwa umejaa marabi, na mwaka 1570 Isaac Luria akafika kutoka Misri. Mwaka 1572 alikufa kwa tauni akiwa na miaka 38. Aliandika kidogo mno. Tunachokijua kimetoka kwa wanafunzi, hasa Hayyim Vital.

Mfumo wake unakwenda hivi. Ein Sof alijaza kila mahali, hivyo hapakuwa na nafasi ya kitu kingine. Akajivuta kutoka katika nukta ya katikati, pakabaki uwazi wa duara: hiyo ndiyo *tzimtzum*. Uwazi haukuwa mtupu kabisa, kwa kuwa mabaki ya nuru yalibaki humo. Kisha mstari mwembamba wa nuru ukaingia, na kutoka kwake likafanyika umbo la kwanza, Adam Kadmon, yaani Mtu wa Mwanzo. Nuru iliyotoka machoni pake ikahitaji vyombo. Vitatu vya juu vikahimili. Sita vilivyofuata vikavunjika, na cha saba, Malkhut, nacho kikapasuka, ila kwa kiasi kidogo. Cheche 288 zikaanguka pamoja na vigae, na vigae hivyo ndivyo maganda yanayoshikilia uovu. Matengenezo, *tikkun*, ni kuzikusanya cheche na kuzirudisha.

Kwa nini 288? Rudi Mwanzo 1:2, roho ya Mungu ikitanda juu ya maji. Kitenzi cha Kiebrania ni *merahefet*, herufi tano: mem, resh, het, pe, tav. Chukua ya kwanza na ya mwisho, mem na tav: zinasomeka *met*, amekufa. Zilizobaki katikati ni resh 200, het 8, pe 80. Jumla 288. Kifo kimezizunguka cheche 288, na roho ya Mungu inatanda juu yake. Hata asiyeamini lolote hapa atakubali kwamba ni usomaji wa ustadi.

Matengenezo hufanywa kwa amri: kuvaa tefilini (vijisanduku vya maandiko vinavyofungwa mkononi na kichwani), kubariki chakula, kushika Sabato, kila tendo likiambatana na nia ya kuunganisha sehemu fulani za ulimwengu wa juu. Wafuasi walianza kutamka kabla ya amri kwamba wanaitimiza kwa ajili ya kumuunganisha Mtakatifu na Shekhina yake. Rabi Ezekiel Landau wa Prague (1713–1793) alilipinga tamko hilo vikali. Hofu yake ilikuwa ya kivitendo: kila mtu wa kawaida sasa anatamka siri asizozielewa, na kutamka kunachukua nafasi ya kuelewa.

Ibada ya Wayahudi duniani kote ina alama ya Safed, hata katika masinagogi yasiyotaka kusikia neno Kabala. Jioni ya Ijumaa huimbwa zaburi sita, 95 hadi 99 na 29, kisha wimbo *Lekha Dodi* wa Solomon Alkabetz, ambao herufi za mwanzo za beti zake nane za kwanza zinaunda jina la mtunzi, Shlomo ha-Levi. Kwenye ubeti wa mwisho watu hugeukia mlangoni kumpokea Sabato kama bibi arusi.

Mfano mwingine ni kuhesabu Omeri, siku 49 kati ya Pasaka na Shavuoti, sikukuu ya Majuma. Amri ni ya Torati. Wanakabala waliongeza sefiroti saba za chini, kuanzia Fadhili hadi Ufalme, mara saba. Kuipata sefira ya siku, toa 1 katika namba ya siku, gawanya kwa 7, kisha ongeza 1 kwenye jibu na 1 kwenye baki. Jibu ni sefira ya juma, baki ni sefira ya siku. Siku ya 10: 9 kwa 7 ni 1, baki 2, juma la pili siku ya tatu, Uzuri ndani ya Hukumu. Siku ya 33 ni Fahari ndani ya Fahari. Kuhesabu hufanyika usiku pamoja na baraka. Ukisahau usiku unahesabu mchana bila baraka, na usiku unaofuata unaendelea kama kawaida. Ukisahau siku nzima unaendelea kuhesabu, lakini baraka ndiyo basi hadi mwaka ujao. Na mtu akikuuliza magharibi leo ni siku ya ngapi, mjibu jana ilikuwa ya ngapi. Ukitaja ya leo inaweza kuhesabika kuwa umeshahesabu.

Namba zinapomtumikia yeyote

Gematria, kujumlisha thamani za herufi, ndiyo sehemu inayowapendeza watu haraka na kuwapoteza haraka. Mbinu ni kama ya abjadi ya Kiarabu: alef 1 hadi yod 10, kisha makumi, kisha mamia hadi tav 400. *Ehad*, mmoja, ni 1+8+4=13. *Ahavah*, upendo, ni 1+5+2+5=13. Mbili pamoja ni 26, ambayo ni jina la Mungu la herufi nne, 10+5+6+5. Inavutia. Sasa tazama hii: *mashiah*, masihi, ni 358, na *nahash*, nyoka, ni 358 pia.

Mwaka 1665 Shabbetai Zevi wa Smyrna alitangazwa kuwa masihi, akitetewa na Nathan wa Gaza, ambaye theolojia yake ilijengwa juu ya Luria. Wafuasi walionyesha kwamba jina Shabbetai Zevi ni 814, na jina la Mungu Shaddai, herufi zake zikiandikwa kwa majina yake kamili, ni 360+434+20, yaani 814. Septemba 1666, mbele ya sultani wa dola ya Uthmaniya, Shabbetai akasilimu. Namba zikabaki zilezile. Wafuasi waliobaki wakaigeukia 358: masihi lazima ashuke katika eneo la nyoka ili azitoe cheche za mwisho. Gematria ilikuwa pambo la wazo lililokwisha kuaminiwa kwa sababu nyingine. Ikifanywa chanzo cha wazo haina breki.

Hofu ya kipindi hicho ndiyo iliyozaa ile kanuni inayorudiwa sana, kwamba Kabala ni kwa wenye miaka 40. Mwaka 1756 marabi waliokutana Brody, wakipambana na wafuasi wa Jacob Frank, aliyeendeleza njia ya Shabbetai, walizuia Zohar kabla ya miaka 30 na maandiko ya Luria kabla ya 40. Cordovero alikwisha kumaliza kitabu chake kikuu kabla ya 30, na Luria mwenyewe hakufika 40.

Hasidimu, vuguvugu la wacha Mungu wa Kiyahudi waliochipuka Ulaya Mashariki wakati huohuo nyuma ya Baal Shem Tov (alifariki 1760), waliigeuza ramani ya mbingu kuwa ramani ya nafsi. Cheche ziko katika chakula chako, biashara yako, hata katika wazo chafu linalokujia ukiwa katika sala, na wazo hilo linaweza kuinuliwa hadi kwenye asili yake. Rabi Shneur Zalman wa Liadi, mmoja wa viongozi wa Hasidimu, katika kitabu chake Tanya aliona hatari. Sura ya 28 inamwonya mtu wa kawaida asijaribu kuinua mawazo ya namna hiyo, kazi ya wenye haki wakubwa. Yeye ayafukuze, aendelee kuomba. Wapinzani wao wa Vilna waliwapiga marufuku mwaka 1772, lakini kiongozi wa wapinzani hao, Gaon wa Vilna, naye alikuwa mwanakabala. Walikuwa ndugu wakigombania urithi.

Wakopaji

Mwaka 1486 Giovanni Pico della Mirandola, kijana wa miaka 23, alichapisha hoja 900 Roma. Miongoni mwake ilikuwa hoja kwamba hakuna elimu inayothibitisha uungu wa Kristo kuliko uchawi wa asili na Kabala. Alitegemea tafsiri za Kilatini za Flavius Mithridates, Myahudi aliyebatizwa. Johannes Reuchlin, katika vitabu vya 1494 na 1517, akaonyesha mbinu yenyewe: chukua jina la herufi nne, ingiza shin katikati, nalo litasomeka Yesu. Kasoro yake inaonekana ukiandika. Jina Yeshua kwa Kiebrania ni yod, shin, vav, ayin. Haina he hata moja na inaishia na ayin. Hata hivyo tuna deni jema kwa Reuchlin. Vitabu vya Kiyahudi vilipotakiwa kuchomwa Ujerumani, mwaka 1510 yeye alishauri visiguswe.

Kati ya 1677 na 1684 Christian Knorr von Rosenroth alichapisha *Kabbala Denudata* kwa Kilatini, na kwa muda mrefu wanafalsafa wa Ulaya, Leibniz akiwamo, waliijua Kabala kupitia hapo. Mwaka 1887 sehemu yake ikatafsiriwa Kiingereza na Samuel Mathers, mmoja wa waasisi wa chama cha siri cha Golden Dawn mwaka uliofuata. Hivyo Kiaramu kikapita Kilatini kikafika kwenye karata za taroti. Karata kuu ni 22, herufi ni 22, basi zikaoanishwa. Éliphas Lévi aliipa alef karata ya Mwanamazingaombwe. Golden Dawn wakaipa Mpumbavu, na ili mambo yakae sawa wakabadilishana nafasi za Haki na Nguvu. Mifumo miwili inayopingana na yote inafanya kazi sawasawa: mtu anaweza kuamua mwenyewe maana yake.

Majina 72 yanayouzwa leo kwenye kadi na vikuku yana asili ya kweli. Kitabu cha Kutoka, sura ya 14, mstari wa 19, 20 na 21, ni mistari mitatu yenye herufi 72 kila mmoja kwa Kiebrania. Andika wa kwanza kutoka kulia, wa pili kinyume chini yake, wa tatu kutoka kulia tena, kisha soma kwenda chini: unapata vikundi 72 vya herufi tatu, cha kwanza kikiwa vav-he-vav. Abraham Abulafia, karne ya 13, aliyatumia akiwa amejitenga, amevaa nguo nyeupe, mishumaa ikiwaka usiku, kalamu mkononi, akigeuza herufi pamoja na pumzi na mwendo wa kichwa. Alitaka kwanza ujue Kiebrania na falsafa ya Maimonides. Sharti hilo halijachapishwa kwenye kadi.

Mwanafalsafa Spinoza, katika risala yake ya 1670, aliwadharau wanakabala waziwazi kuwa wapuuzi. Haikusaidia. Mwaka 1699 Johann Georg Wachter alimshutumu kwamba Mungu wake aliye sawa na maumbile ametoka Kabala. Wanakabala wa karne ya 13 walikwisha kuona kwamba *Elohim* ni 86 na *ha-teva*, maumbile, ni 86. Ila kufanana kwa matokeo hakuthibitishi ukopaji, na Spinoza alikuwa na njia zake za kufika alikofika.

Katika karne ya 20 mlango ulikuwa Scholem (1897–1982), aliyehama Berlin kwenda Jerusalem mwaka 1923. Kwake, Luria alijibu msiba wa 1492: Mungu anajihamisha ndani yake mwenyewe kama watu wake walivyohamishwa. Ni maelezo yenye nguvu, na ndiyo waliyoyasoma wanafalsafa na wahakiki wa fasihi. Mtafiti Moshe Idel aliyapinga mwaka 1988, na nadhani ana haki: maandiko ya Luria kuhusu tzimtzum hayaitaji Hispania, na dhana ya Mungu kujivuta inapatikana kabla ya 1492.

Mwanafalsafa Hans Jonas, ambaye mama yake aliuawa Auschwitz, alitoa mhadhara mwaka 1984 kuhusu Mungu baada ya Auschwitz. Akaitaja tzimtzum, akaivuta hadi mwisho: Mungu aliachia uwezo wake wote ili ulimwengu uwe, hivyo hakuweza kuingilia. Mwanateolojia wa Kikristo Jürgen Moltmann naye aliitumia mwaka 1985 kueleza Mungu anavyotoa nafasi kwa viumbe. Alichokiacha Jonas ni ule mstari wa nuru. Kwa Luria kujivuta ni nusu ya kwanza ya tendo, na nuru inarudi mara moja. Tena Shneur Zalman angemwambia kwamba kujivuta hakukutokea kihalisi hata kidogo. Kumefichwa tu machoni petu. Jonas alijua anavuka mpaka na alisema hivyo. Wanaomnukuu ndio huandika kana kwamba ni fundisho la Safed.

*Tikkun olam*, kutengeneza ulimwengu, imepata safari ndefu kuliko zote. Katika Mishna ni sababu ya kisheria: kanuni fulani za talaka na madeni ziliwekwa ili mambo ya jamii yasiharibike. Kwa Luria kinachotengenezwa ni ulimwengu wa juu, na chombo ni amri. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, hasa Marekani, ikawa jina la kupigania haki za kijamii. Kazi hiyo ni njema na haihitaji kibali cha Luria, na ndiyo maana ni ajabu kwamba hutafutiwa kibali chake kila mara.

Anayetaka kusoma mwenyewe aanze na jedwali la sefiroti kumi pamoja na watu wao saba, alikariri. Kisha achukue Zohar katika tafsiri ya Kiingereza iliyoanzwa na Daniel Matt, juzuu 12, 2004 hadi 2017, yenye maelezo chini ya kila ukurasa. Asome mstari wa Torati kwanza katika Biblia, ajiulize una kasoro gani, ndipo asome Zohar inasema nini juu ya kasoro hiyo. Sehemu zinazoitwa Idra, zenye habari za ndevu na nyuso za Mungu, aziruke mwanzoni. Bila mazoea zinasomeka kama kufuru au upuuzi. *Etz Hayyim* ya Vital, yenye mafundisho ya Luria, ije baada ya Idra, maana inachukulia kwamba Arikh Anpin na Zeir Anpin, nyuso za Mungu zinazoelezwa katika Idra, unawajua tayari, wala haisimami kukutambulisha.